Mnene na Mwembamba: Hazina ya Vicheko Iliyonusurika Majumbani

Kuruta anapoingia chuoni hufundishwa jambo moja mapema sana: mlinzi haachi lindo lake mpaka aje mwingine kumpokea. Yeyote aliyewahi kushika zamu ya usiku, awe wa jeshi au wa polisi, anaujua uzito wa kanuni hiyo. Kwa sababu hiyo twaamini kwamba hakuna watazamaji wanaostahili kuicheka filamu iitwayo Block-Heads kuliko sisi tuvaao sare.

Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1938. Inaanzia katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917. Kikosi kinaamriwa kushambulia, na askari mmoja mwembamba anaachwa alinde handaki mpaka atakapopewa amri nyingine. Mwaka unaofuata vita vinakwisha, majeshi yanarudi makwao, wala hapana anayekumbuka kumwarifu. Tunapomwona tena, miaka 20 imekwishapita. Bado anapiga doria, kwenda na kurudi, hata nyayo zake zimechimba njia ardhini. Na kando yake limeinuka lundo la makopo matupu ya maharagwe mfano wa kilima.

Kichekesho hicho kilikuja kutimia. Mwezi wa Machi 1974, yaani miaka 36 baada ya filamu hiyo, Luteni Hiroo Onoda wa jeshi la Japani alitoka katika msitu wa kisiwa cha Lubang, nchini Ufilipino, alikopelekwa mwezi wa Desemba 1944. Vita vilikuwa vimekwisha tangu 1945, lakini yeye alikataa kuweka silaha chini mpaka aliyekuwa mkuu wake, Meja Taniguchi, alipokwenda mwenyewe kumsomea amri ya kumwondoa kazini. Katika miaka hiyo wanakijiji kadhaa wasio na hatia walikuwa wamekwisha kuuawa. Utii ni sifa kubwa ya askari. Walakini amri isiyofutwa na aliyeitoa huwaangamiza watu. Hilo ni funzo kwa afisa zaidi kuliko kwa kuruta, nalo lilisemwa kwanza na wachekeshaji wawili.

WALIKOTOKA

Wachekeshaji hao ni Stan Laurel, yule mwembamba, na Oliver Hardy, yule mnene. Laurel alizaliwa tarehe 16 Juni 1890 katika mji wa Ulverston, kaskazini mwa Uingereza, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Arthur Stanley Jefferson. Mwaka 1910 alivuka bahari kwenda Marekani pamoja na kundi la michezo la Fred Karno. Nyota wa kundi hilo alikuwa Charlie Chaplin, na Laurel alikuwa mbadala wake.

Hardy alizaliwa tarehe 18 Januari 1892 katika mji mdogo wa Harlem, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa askari wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na alijeruhiwa katika mapigano ya Antietam mwaka 1862. Mzee huyo alifariki mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Kijana alipokua alilichukua jina la marehemu baba yake, Oliver, akaliweka mbele ya jina lake.

Wawili hawa waliunganishwa rasmi mwaka 1927 katika studio ya Hal Roach huko Culver City, karibu na Los Angeles, chini ya uangalizi wa Leo McCarey. Kuanzia hapo hadi filamu yao ya mwisho, Atoll K ya mwaka 1951, walicheza pamoja katika filamu zipatazo mia moja na zaidi, fupi na ndefu, za kimya na za sauti.

Yafaa tueleze jambo ambalo mtazamaji hawezi kulitambua kwa macho. Katika filamu, mnene ndiye mkuu: yeye hutoa amri, hupanga mikakati, na humlaumu mwenzake mambo yanapoharibika. Nje ya kamera ilikuwa kinyume. Laurel ndiye aliyekesha akitunga visa na kusimamia ukataji wa filamu, ilhali Hardy, kazi ya siku ikiisha, alikwenda kucheza gofu. Hardy hakuona wivu wala hakugombea cheo. Alimwamini mwenzake, naye Laurel hakumvunja. Waswahili husema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

SARE NA VICHEKO

Si ajabu kwamba filamu nyingi za watu hawa zahusu watu wa kazi yetu. Katika Two Tars ya 1928 wao ni mabaharia walio likizo, ambao ugomvi mdogo wa barabarani unawageuza wavunjaji wa magari. Katika Beau Hunks ya 1931 wanajiandikisha katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa ili Hardy amsahau mwanamke aliyemwacha; wanapofika kambini wanakuta karibu kila askari ana picha ya mwanamke yule yule.

Ndugu zetu wa polisi watapendezwa zaidi na The Midnight Patrol ya 1933. Wawili hao ni polisi wapya wa doria. Wanaitwa kwenda kumkamata mwizi anayevunja nyumba, lakini wanasahau anwani. Hatimaye wanaifikia nyumba, wanaingia kwa kishindo, wanamtia mbaroni mtu waliyemkuta na kumburuta hadi kituoni kwa majivuno makubwa. Huko wanaambiwa kwamba mtu huyo ni mkuu wao wa polisi, aliyekuwa akijaribu kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Filamu hii huchukua dakika 20 tu, lakini imesheheni makosa karibu yote ambayo askari mpya huonywa: kutoandika taarifa, kutothibitisha mahali, na kukamata kabla ya kuuliza.

Na katika Pack Up Your Troubles ya 1932 kicheko kinachanganyika na simanzi. Rafiki yao anauawa vitani, naye ana mtoto mdogo wa kike. Vita vikiisha, wawili hao wanamchukua mtoto huyo na kuanza kuwatafuta babu na bibi yake mjini New York, bila ya kujua lolote isipokuwa kwamba jina la ukoo ni Smith. Na katika mji ule akina Smith hawana idadi. Wanapigwa, wanafukuzwa, wanaaibishwa, lakini hawamtupi mtoto wa mwenzao aliyekufa. Askari haelezwi maana ya jambo hilo.

FILAMU ZILINUSURIKA VIPI

Tungeweza kudhani kwamba kazi za watu mashuhuri namna hii zilitunzwa kama dhahabu. La hasha. Filamu za zama zile zilichapwa juu ya ukanda wa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na ambacho, kisipowekwa mahali pa baridi, huoza kikawa unga. Zaidi ya hayo, ukanda wa asili ulitumiwa kutoa nakala kwa miaka mingi, hata ukachakaa na kuchanika. Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyokuwa.

Filamu ya Hats Off ya 1927, ambamo wawili hao wanapandisha mashine ya kufulia nguo kwenye ngazi ndefu, imepotea yote. Tunaweza kuikisia tu kwa sababu walirudi kwenye ngazi zile zile, katika mtaa wa Silver Lake, Los Angeles, wakatengeneza The Music Box ya 1932. Safari hii mzigo ulikuwa piano, na filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar. Filamu ya rangi iitwayo The Rogue Song, ya 1930, imebaki vipande tu.

Kisa cha The Battle of the Century ya 1927 chastahili kuelezwa kwa kirefu. Filamu hiyo ina vita vya kurushiana pai za krimu vilivyoenea mtaa mzima. Kwa miaka mingi vilijulikana kwa sehemu tu, kwa kuwa Robert Youngson alivitia kwa ufupi katika filamu yake ya mwaka 1957, The Golden Age of Comedy. Ukanda wa pili, wenye vita hivyo kwa ukamilifu, ulidhaniwa umepotea. Mwaka 2015 mkusanyaji wa filamu Jon Mirsalis alitangaza kwamba ameukuta miongoni mwa makopo ya filamu aliyoyanunua, ambayo zamani yalikuwa mali ya mkusanyaji mwingine, na kabla yake ya Youngson mwenyewe. Hazina ambayo studio ilishindwa kuilinda ilikuwa rafuni nyumbani kwa mtu.

Hapo ndipo tunapouona umuhimu wa makusanyo ya nyumbani. Kabla ya kanda za video, kampuni ya Blackhawk Films, ya jimbo la Iowa, iliwauzia watu nakala ndogo za milimita 8 na 16, nao walizionyesha sebuleni kwa projekta. Katika miaka ya 1980 zikaja kanda za video. Mwaka 2004 Waingereza walipata mkusanyiko wa diski 21. Mwaka 2011 Marekani ilitoa The Essential Collection, diski 10 zenye filamu 58. Mwaka 2020 zikafuata diski 4 za Blu-ray ziitwazo The Definitive Restorations, ambazo ndani yake imo The Battle of the Century iliyorudishiwa vita vyake vya pai. Kisha, kwa kuwa filamu za 1927 zilitoka katika haki miliki nchini Marekani tarehe 1 Januari 2023, filamu za kimya za mwaka huo zilisafishwa upya na kutolewa mwaka huo huo.

JINSI YA KUCHAGUA

Askari hana fedha za kutupa, kwa hiyo na ajihadhari anaponunua. Kwanza, atazame urefu wa filamu. Filamu fupi ya kanda mbili huchukua dakika 20 hivi. Akiona dakika 8 au 9, ajue imekatwa. Pili, filamu ya The Flying Deuces ya 1939 huuzwa kila mahali kwa bei ndogo kwa kuwa haina mwenye haki miliki, na nakala zake nyingi ni hafifu: nyuso hazionekani na sauti inakwaruza. Tatu, nakala zilizotiwa rangi katika miaka ya 1980 zisimdanganye. Filamu hizo zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na hivyo ndivyo zinavyopendeza.

Lugha isimtie mtu hofu. Vicheko vingi vimo katika macho, mikono na kofia. Wenyewe walilijua hilo, hata mwanzoni mwa miaka ya 1930 walirudia baadhi ya filamu kwa Kihispania, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano, lugha wasizozijua, wakisoma maneno yaliyoandikwa ubaoni nje ya kamera. Baadhi ya zile za Kihispania zimo katika mkusanyiko wa 2011.

HAKI NA UAMINIFU

Jambo la mwisho si la kuchekesha. Studio ilikuwa imewafunga wawili hao kwa mikataba tofauti, iliyokwisha kwa tarehe tofauti, ili wasiweze kudai kwa sauti moja. Hawakuwa na hisa katika filamu zao. Televisheni ilipoanza kuzionyesha katika miaka ya 1950 na kuwafurahisha mamilioni, wao hawakupata kitu. Hardy alifariki tarehe 7 Agosti 1957 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Laurel alikuwa mgonjwa hata hakuweza kwenda mazishini, na tangu siku hiyo alikataa kucheza tena bila ya mwenzake, mpaka alipofariki tarehe 23 Februari 1965.

Bwalo lenye televisheni na mashine ya diski laweza kuanza na filamu tatu: The Music Box, The Midnight Patrol na Block-Heads. Zote tatu pamoja hazizidi saa mbili. Na mwenye dhamana ya bwalo aandike katika daftari nani ameazima diski ipi na lini atairudisha.