Nafasi ya Baba Mtoto Anapoonewa Shuleni

Watoto wawili wenye umri na nguvu zinazolingana wakigombania mpira, huo ni ugomvi, na mara nyingi huisha kabla watu wazima hawajaamua nani mwenye kosa. Uonevu ni jambo jingine. Mwanasaikolojia Dan Olweus, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya utafiti kwa miongo kadhaa huko Bergen, nchini Norwei, aliutambua kwa alama tatu ambazo wataalamu wengi wanazitumia hadi leo: kwamba ni kumwumiza mwingine kwa makusudi, kwamba hurudiwa mara kwa mara, na kwamba anayetendewa hana uwezo wa kujitetea, iwe kwa sababu ya umbo, umri, wingi wa waliomzunguka au hadhi ya mwenzake darasani.

Alama hiyo ya tatu ndiyo inayoubatilisha ushauri ambao akina baba wengi huutoa kwa nia njema, kwamba mtoto arudishe pigo ili aheshimiwe. Mwanafunzi mgeni katika shule ya sekondari ya bweni, yule ambaye Tanzania huitwa njuka na Kenya huitwa mono, hapambani na mtu mmoja. Anapambana na desturi nzima ya bweni, ambamo wakubwa humtuma kuchota maji na kufua nguo zao, humnyang'anya sukari na sabuni alizotoka nazo nyumbani, na humwonya kwamba akisema atakiona. Akirudisha pigo huenda akavamiwa na wengi usiku, na asubuhi akaadhibiwa kwa kosa la kupigana, huku ushauri wa baba ukiwa umemwongezea mzigo mwingine, yaani aibu ya kushindwa kuwa mtoto ambaye baba alimtaka awe. Uzito wa aibu hiyo usidharauliwe, hasa kwa wavulana, ambao hufundishwa mapema kwamba kulalamika ni udhaifu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza baba atafanya nini akishaambiwa, inafaa kuuliza kama ataambiwa. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki habari za mtoto humfikia baba kupitia kwa mama, na baba anayefanya kazi mbali hukutana na mambo ya shule wakati wa kulipa ada au anapoitwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Mtoto aliyezoea kumwona baba kama hakimu hampelekei shauri ambalo hana hakika ya kulishinda. Lipo na jambo zito zaidi. Katika utafiti wa mwaka 1980 kuhusu wavulana na tabia yao ya kushambulia wenzao, Olweus alionyesha kwamba tabia hiyo inahusiana na malezi ya mabavu, yaani adhabu za kupiga na milipuko ya hasira ya wazazi, na vilevile na ulegevu wa mzazi asiyeweka mpaka mtoto anapowaumiza wengine. Baba anayepiga ili atiiwe anafundisha nyumbani kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na mtoto huweza kulipeleka somo hilo shuleni akiwa mwonevu, au akiwa mtu anayeona kuonewa ni hali ya kawaida.

Mtoto asiyesema kwa mdomo huonyesha kwa njia nyingine: tumbo linalouma kila Jumatatu, madaftari yaliyochanwa, kuomba fedha mara kwa mara bila maelezo, kukojoa kitandani kulikokuwa kumekwisha, au kukataa kurudi shule baada ya likizo. Baba anayeziona dalili hizo hufanikiwa zaidi akiuliza wakati wanatembea au wanatengeneza baiskeli pamoja kuliko akimkalisha mtoto kitako sebuleni, na swali dogo, kama vile ni sehemu gani ya shule asiyopenda kupita, humfungua zaidi kuliko kumwuliza waziwazi kama anaonewa. Mtoto akianza kusema, baba anyamaze asikilize, kwa kuwa hasira yake, hata ikiwa ya kumtetea, humtisha mtoto na kumfanya ajute.

Baada ya hapo shauri ni la shule, na baba anayemvizia mtoto wa mwenziwe getini hulivuruga mwenyewe. Afadhali aandike yaliyotokea, tarehe, mahali na majina, kisha amwone mwalimu wa darasa au wa malezi, na kwa shule ya bweni patroni au matroni, mtoto akiwa amejulishwa mapema kitakachosemwa. Kudai hatua si ukorofi: katika mradi ulioanzishwa Bergen mwaka 1983, uliohusisha wanafunzi wapatao 2,500, uonevu ulipungua kwa karibu nusu ndani ya miaka miwili, walimu walipokuwa viwanjani wakati wa mapumziko, sheria za darasa zikawa wazi na wazazi wa pande zote wakahusishwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya ukatili, na nchini Tanzania na Kenya namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo.

Kazi ngumu kuliko zote humwangukia baba ambaye mwanawe ndiye mwonevu, na jibu la kwamba watoto wanataniana tu humwacha mtoto huyo bila mwongozo anaouhitaji sana. Lazima arudishe alichonyang'anya na aombe radhi, bila kupigwa, maana kipigo kitamthibitishia kile alichokuwa akikitenda. Wiki chache baadaye akina baba wa pande zote mbili wanahitaji kuuliza tena, kwa sababu uonevu uliokatazwa darasani huweza kuhamia bweni usiku, au katika kundi la WhatsApp wakati wa likizo, ambako hakuna mwalimu wa zamu.