Umesota na Unaambiwa 'Vumilia Tu'? Soma Tena Kisa cha Yusufu

Kama umewahi kupata landlord amepiga kufuli kwa mlango wa keja, halafu mtu wa kanisa akakuambia "vumilia tu, hata Yusufu alivumilia", hii ni yako. Tatizo si Yusufu. Tatizo ni venye tunasimuliwa hiyo stori: mabroo wakamuuza, akanyamaza, ghafla akawa mkubwa Misri. Zii. Fungua Mwanzo, sura ya 37 kuendelea, usome mwenyewe.

Kwanza piga hesabu. Stori inaanza akiwa na miaka 17. Anauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Anasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Miaka 13 hivi, na hakuna mahali alikuwa kimya.

Pale kwa shimo, sura ya 37 haisemi alitamka nini. Ngoja ufike ya 42. Mabroo wenyewe wanakumbuka venye aliwalilia wamhurumie, na wakakataa kumsikia. Kumbe alikuwa anapiga nduru muda wote.

Halafu jela. Amewekelewa kesi na mke wa Potifa, hana wakili, hana hata tarehe ya kutoka. Asubuhi moja anaona mnyweshaji na mwokaji wa Farao sura zimeanguka. Anawauliza, mbona leo mko hivyo? Wazia, mfungwa ndiye anajulia wenzake hali! Ndoto zao anazitafsiri kwa sababu aliuliza hilo swali. Na hapo hapo anaomba msaada bila aibu: ukitoka, nitaje kwa Farao, mimi niliibwa kwetu na hapa sijafanya kosa lolote. Hiyo ni kulalamika, na imeandikwa kwa Biblia.

Mnyweshaji anatoka, anarudishiwa kazi, anamsahau. Miaka 2 mizima. Unajua hiyo maumivu kama umewahi kutumia karatasi zako msee aliyekuahidi kazi, tiki zikawa za bluu, kisha kimya. Manze, inauma kuliko kukataliwa. Lakini siku Farao alipoota na wenye hekima wake wakashindwa, ni huyo huyo mnyweshaji alikumbuka kuna kijana Mwebrania kule ndani. Kama Yusufu angekaa kwa kona akijiambia "Mungu anaona", huyo jamaa angemkumbukaje?

Kwa hivyo ukiwa chini, ongea. Ambia beshte kodi imekushinda. Mtumie yule msee ujumbe tena, hata kama unaona ni kujishusha.

Na usidhani mambo ikijipa machozi inaisha. Mtoto wake wa kwanza alimuita Manase, jina la kusema Mungu amemsahaulisha taabu zake. Sawa, lakini mabroo walipokuja kutafuta chakula wakati wa njaa, jamaa alilia mara kadhaa. Sura ya 45 analia kwa sauti mpaka Wamisri wanasikia. Huyu ndiye namba mbili wa Misri yote, na kuna mtu mtaani bado anakuambia mwanaume halii.

Mimi napenda ile ya sura ya 43. Anamwona Benyamini, mdogo wake, roho inajaa. Anakimbilia chumbani kwake, analia huko peke yake. Kisha ananawa uso, anatoka, anaambia watu waandae chakula.