Usukani na Umri: Je, Madereva Wazee Wapimwe kwa Lazima?

Anayesimama Tunduma jioni huona nchi tatu zikipita mbele yake. Malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900, hujipanga yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Mengine huendelea hadi machimbo ya shaba ya Kongo. Katikati ya foleni hiyo hupenya bodaboda, mabasi ya Sumbawanga, na magari madogo ya wenyeji: pikapu ya mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, gari la mwalimu mstaafu anayempeleka mkewe kliniki Vwawa. Mwenye pikapu hiyo huenda ana miaka 72. Amelishika usukani tangu ujana wake na hajawahi kugonga hata kuku. Swali la makala haya linamhusu yeye, linawahusu watoto wanaovuka barabara pale Mlowo wakitoka shule, na linatuhusu sisi watoa huduma za afya: je, sheria imlazimishe mzee huyo kupimwa afya na kujaribiwa upya barabarani ili aendelee kuwa na leseni?

Ni swali linalogusa heshima. Katika jamii zetu mzee hashtakiwi kwa uzee wake, na mtoto anayemwambia baba yake “sasa acha gari” huonekana amevuka mpaka. Hata hivyo barabara haina adabu ya ukoo. Mteremko wa Senjele haumuulizi dereva umri wake wala cheo chake. Humuuliza tu kama ameliona lori lililoharibika mbele yake na kama mguu wake umefika kwenye breki kwa wakati.

Mwili unavyobadilika

Kuendesha gari ni kazi ya viungo vingi kwa pamoja. Jicho huona, ubongo huamua, mkono na mguu hutekeleza, na yote hayo hutendeka ndani ya sekunde moja au mbili. Uzee hauondoi uwezo huo kwa siku moja, bali huupunguza kidogo kidogo, mara nyingi bila mwenyewe kutambua.

Tuanze na macho. Kadiri umri unavyosonga, mboni huwa ndogo na lenzi hupoteza ung'avu. Mtu wa miaka 60 hupokea kwenye retina takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20. Ndiyo maana mzee anayeona vizuri mchana huweza kushindwa kumwona mwenda kwa miguu usiku, hasa anapopigwa na taa kali za lori linalokuja. Mtoto wa jicho huzidisha mng'ao huo. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ina hila zaidi, kwani hula pembe za uga wa kuona na kuacha katikati pakiwa safi. Mgonjwa husoma bango la mbali bila shida, lakini haioni pikipiki inayochomoza kushoto.

Yapo pia magonjwa sugu. Kisukari huharibu macho na kufisha ganzi za miguu, na dawa zake, hasa insulini, huweza kushusha sukari hadi dereva akachanganyikiwa au kupoteza fahamu. Shinikizo la juu la damu lisilotibiwa huandaa njia ya kiharusi. Kifafa, magonjwa ya mapigo ya moyo, na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao humwacha mtu akisinzia mchana kutwa, vyote vina uzito barabarani. Demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uamuzi, ndiyo mgumu kuliko yote, maana humnyima mtu hata uwezo wa kujua kwamba amepungukiwa.

Msomaji ataona jambo moja katika orodha hiyo: karibu magonjwa yote haya hayangoji miaka 70. Dereva wa lori wa miaka 45, mnene, asiyelala vizuri, mwenye shinikizo la damu asilolijua, yumo ndani ya foleni ile ile ya Tunduma, naye amebeba tani nyingi kuliko pikapu ya mzee wetu.

Sheria na vyombo vilivyopo

Usalama wa barabara zetu unasimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Polisi wa usalama barabarani ndio wanaowajaribu madereva, na Mamlaka ya Mapato ndiyo inayotoa leseni. Muda wa leseni, ambao zamani ulikuwa miaka 3, uliongezwa mwaka 2019 kuwa miaka 5. Muda huo ni uleule kwa kijana wa miaka 25 na kwa mzee wa miaka 75. Kitabibu hilo lina maana kubwa: katika miaka 5 ya ujana macho hubadilika kidogo sana, lakini katika miaka 5 baada ya sabini mtu huweza kupata mtoto wa jicho, kiharusi kidogo na dawa tatu mpya, huku kadi mfukoni ikiwa bado halali.

Kwa madereva wa magari ya biashara, sheria ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliipa mamlaka hiyo pia kazi ya kuwathibitisha madereva. Huo ni mlango uliokwisha kufunguliwa, na tutaurejea. Umuhimu wake umeongezeka tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya miaka mingi ya katazo, kwa kuwa usiku ndio wakati ambapo jicho lenye kasoro hujifichua.

Wenzetu walijaribu nini?

Nchi nyingine zimelijibu swali hili kwa njia tofauti, na majibu yao hayafanani. Uingereza humtaka dereva wa gari dogo ahuishe leseni anapofika miaka 70, kisha kila baada ya miaka 3, lakini hutegemea maelezo yake mwenyewe kuhusu afya yake. Kwa madereva wa malori na mabasi nchi hiyo ni kali zaidi: uchunguzi wa daktari huanza katikati ya miaka ya arobaini, na kuanzia miaka 65 huwa wa kila mwaka.

Japani, nchi yenye wazee wengi, huwapima kumbukumbu na uamuzi madereva wote wa miaka 75 na kuendelea. Mwezi Aprili 2019, katika mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, dereva wa miaka 87 aliwagonga watu, na mama mmoja na binti yake mdogo wakafariki. Msiba huo uliitikisa nchi nzima, na wazee wengi wakazirudisha leseni zao kwa hiari. Tangu mwaka 2022, wenye miaka 75 na zaidi waliowahi kutenda makosa fulani barabarani hulazimika pia kufanya jaribio la kuendesha.

Hata hivyo upo upande wa pili wa sarafu, nao una takwimu zake. Watafiti walizilinganisha Ufini, iliyowapima wazee afya kwa lazima, na Uswidi, ambayo haikuwapima. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1996, haukuona kwamba Ufini ilipata nafuu katika ajali za magari ya wazee. Ilichopata ni vifo vingi zaidi vya wazee waendao kwa miguu. Denmark iliongeza kipimo cha akili kwa madereva wazee mwaka 2006. Watafiti waliofuatilia hawakuona ajali za vifo zikipungua miongoni mwao, ila waliona vifo vya wazee waliokuwa nje ya magari vikiongezeka. Mwaka 2017 nchi hiyo ililiondoa sharti la cheti cha daktari kwa sababu ya umri pekee.

Kwa nini ikawa hivyo? Sababu moja ni kwamba kipimo cha jumla huwanyang'anya usukani hata wazee walio salama, au huwachosha wakaacha wenyewe. Aliyeacha gari hubaki na safari zake. Huzifanya kwa miguu au kwa baiskeli, na mwili wake dhaifu hauna bati la kumkinga.

Somo hilo linasemaje Songwe?

Mzee wa Ulaya anayeacha gari hupanda basi la mjini lenye ngazi fupi na kiti chake maalumu. Mzee wa Kamsamba au wa milima ya Ileje akiacha gari, mbadala wake mara nyingi ni kiti cha nyuma cha bodaboda, kwenye vumbi au utelezi, pengine bila kofia ngumu. Kwa hiyo kumwondoa barabarani kama dereva kunaweza kumrudisha barabarani kama majeruhi. Na mara nyingi gari lake ndilo gari la wagonjwa la kitongoji: ndilo linalombeba mjamzito usiku na mgonjwa wa kiharusi alfajiri.

Tukumbuke pia ni nani hasa anayekufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani mwaka 2021, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mwendo kasi, pombe, uchovu na magari mabovu vina sehemu kubwa ya lawama. Sheria itakayomwandama mzee wa pikapu huku ikimwacha dereva wa lori aliyekesha siku mbili itakuwa imetibu kidole na kuacha jeraha la kifua.

Kwa sababu hizo, msimamo wa makala haya ni huu: upimaji wa lazima unahitajika, lakini uanze na mzigo anaoubeba dereva kabla ya miaka yake.

Kwanza, kila anayeendesha basi au lori la biashara apimwe afya kwa lazima kila anapohuisha leseni: macho pamoja na uga wa kuona, shinikizo la damu, sukari, usingizi na dawa anazotumia. Baada ya miaka 50 vipimo vije kwa karibu zaidi, na baada ya miaka 60 viwe vya kila mwaka. Uthibitishaji wa LATRA ni mahali panapofaa kuliweka sharti hilo.

Pili, dereva wa gari binafsi aliyefika miaka 70 apimwe macho na ajibu maswali machache ya afya kila baada ya muda mfupi kuliko miaka 5. Jaribio la barabarani liwe kwa yule tu ambaye daktari au polisi ameona sababu ya kumtilia shaka. Na hukumu isiwe kunyimwa au kupewa peke yake. Ipo njia ya kati, kama vile leseni ya mchana tu au ya eneo la karibu.

Tatu, kipimo kiwe mwanzo wa tiba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata takriban nusu ya ajali za wenzao ambao hawakufanyiwa. Mzee aliyefeli ubao wa herufi leo huweza kuwa dereva salama baada ya miezi michache, mradi apewe rufaa badala ya kufukuzwa.

Kazi yetu wahudumu wa afya

Sharti lolote litakufa iwapo cheti kitasainiwa dirishani bila mtu kuonwa. Anayesaini bila kupima hamsaidii mzee; anamweka hatarini pamoja na waendao kwa miguu. Tusingoje sheria. Katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu tuongeze swali moja fupi: “Shikamoo mzee. Je, unaendesha gari au pikipiki?” Akiitikia ndiyo, tuitazame upya orodha ya dawa zake. Daizepamu, amitriptilini na hata piritoni ya mafua huleta usingizi. Tumweleze na tuandike kwenye faili.

Siri ya mgonjwa ibaki siri, na ushauri utolewe kwa staha. Mara nyingi mzee hukubali akipewa sababu na njia: “Usiku mwachie kijana wako, mchana endelea mpaka tutakapokuona tena baada ya miezi mitatu.” Tunduma ina uzoefu wa kuwafuata watu wa barabara pale walipo, kwani mapambano dhidi ya UKIMWI yalitufundisha kwamba dereva hana nafasi ya kuja zahanati saa nne asubuhi. Ubao wa kupimia macho, mashine ya shinikizo la damu na kipimo cha sukari vinaweza kupelekwa penye foleni jioni.

Kwa dereva na familia

Pima macho kila mwaka ukishafika miaka 60. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza. Ukihisi kutetemeka au jasho jembamba njiani, egesha gari, kula kitu cha sukari, na usiondoke mpaka zipite dakika 45 tangu sukari irudi sawa. Usianze dawa mpya na safari ndefu siku moja.

Familia nazo zitazame dalili: mikwaruzo mipya kwenye gari, kupotea njia aliyoizoea, kuchanganya pedali, kushtuka kwa magari ambayo wengine wameyaona mapema. Ukiziona, usimnyang'anye mzee ufunguo mbele ya wajukuu. Mketi naye, mpeleke kwa daktari, na kabla ya kumwomba aache gari, mpangeni ni nani atakayempeleka sokoni, ibadani na kliniki. Mzee aliyehakikishiwa safari zake atauachia usukani kwa moyo mwepesi, na pale atakapouachia, barabara ya Tunduma itakuwa imepata abiria aliye salama badala ya mwenda kwa miguu aliye peke yake gizani.