Tofali Lisiloogopa Mvua

Watoto, tazameni ukuta wa nje wa darasa lenu. Huo ndio unaopigwa na mvua, jua na upepo. Ukuta wa ndani haujui mateso hayo. Kwa hiyo fundi huchagua matofali ya nje moja moja.

Kwetu Katanga mvua huanza karibu mwezi wa 10 au wa 11, nayo hunyesha hata mwezi wa 4. Tofali bichi, lililokaushwa kwa jua tu, hulowana na kuwa tope tena. Lakini moto mkali wa tanuru hubadili udongo wenyewe, hata maji hayawezi kuulainisha.

Je, kila tofali la tanuru limeiva? Sivyo. Yaliyo karibu na moto huungua mno na kupindika. Yaliyo pembeni hubaki mabichi-mabichi, na rangi yake ni hafifu. Shika mawili, uyagonge. Yaliyoiva hulia kama kengele. Yasiyoiva hutoa sauti nzito. Kisha kwangua kwa ukucha: likitoa unga, liache. Mwisho, pima tofali kavu kwa mizani, lilaze majini siku nzima, ulipime tena. Tofali la kilo 3 likinywa zaidi ya gramu 600, lina kiu mno.

Huko Lubumbashi watu wengi hufyatua matofali kwa udongo wa vichuguu. Mchwa ni mafundi kweli: udongo wao ni laini, tena hushikana. Lakini ndani ya vichuguu vingi mna vijiwe vyeupe vya chokaa. Vikichomwa hugeuka chokaa kali. Tofali likipata unyevu, chokaa hiyo huvimba na kulipasua toka ndani. Hapo nilidanganyika mimi mwenyewe! Nilijenga ukuta wa bustani. Matofali yake yalikuwa mekundu, yalilia vizuri sana. Baada ya mvua za kwanza ukuta ulijaa mashimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Tangu siku hiyo nachekecha udongo kwanza, na vijiwe vyeupe navitupa mbali.

Angalieni hasa mistari ya chini, mahali matone yanaporuka kutoka ardhini. Hapo ukuta huanza kulika. Wekeni matofali magumu kuliko yote, au mawe. Na yale mabichi-mabichi hatuyatupi. Twayajengea kuta za ndani, chini ya paa.