SAA YA UFUNGUO NA SAA YA BETRI: MTU ANUNUE IPI?

Leo tutazungumza juu ya saa ya mkono. Mimi mwalimu wenu nazipenda saa mno, lakini hatukukutana hapa kusifu mapambo. Tunalo swali moja la kujibu: mtu aliyejikusanyia fedha za kununua saa moja tu, anunue ile ya kutia ufunguo au ile ya betri?

Kwanza tuiangalie saa ya ufunguo. Ndani yake mna kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa. Ukizungusha kile kifundo cha pembeni, unaikaza kamani, nayo hutaka kukunjuka. Nguvu yake hupita katika magurudumu yenye meno mpaka kwenye mishale. Lakini kama nguvu hiyo ingeachwa huru, mishale ingezunguka mbio mara moja na kamani ingekwisha. Kwa hiyo pana kizuizi: chuma kidogo mfano wa nanga, na gurudumu linalokwenda na kurudi kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Kila likienda, nanga hufungua jino moja. Kila likirudi, hufungua jingine. Hiyo ndiyo sauti tunayoisikia, tik, tik, tik. Katika saa nyingi za zamani sauti hiyo hulia mara 5 kwa nukta moja, yaani mara 18,000 kwa saa moja. Ukiikaza kamani yote, saa huenda siku moja na nusu hivi, kisha hutaka ufunguo tena. Zipo pia zinazojikaza zenyewe mkono unapotembea, lakini ufundi wake ni ule ule.

Sasa tuitazame saa ya betri. Usoni mwake mara nyingi pameandikwa neno Quartz. Hilo ni jina la jiwe, na kwa Kiswahili twaweza kuliita kwatsi. Wachimbaji wa dhahabu wa Buhemba wanalijua vema, maana ndilo lile jiwe gumu jeupe wanaloliponda wakitafuta dhahabu. Lile la ndani ya saa hutengenezwa kiwandani ili liwe safi, kisha hukatwa dogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba mawe ya namna hii yakibanwa hutoa umeme. Baadaye ikaonekana kwamba na kinyume chake ni kweli: yakitiwa umeme hujikunja. Basi betri hulitia jiwe umeme, nalo hutetemeka mara 32,768 kwa nukta moja. Kwa nini hesabu hiyo? Igaweni kwa mbili, mgawe tena kwa mbili, mara 15, mtapata 1. Mashine ndogo ya umeme hufanya mgawanyo huo, na kila nukta mshale huruka hatua moja.

Saa ya mkono ya kwanza ya namna hii kuuzwa, Seiko Astron, ilitoka Japani tarehe 25 Desemba 1969. Bei yake ilikuwa yen 450,000, fedha za kutosha kununua motokaa ndogo. Miaka michache tu baadaye saa hizo zikawa rahisi kabisa. Huko Uswisi, nchi ya mafundi wa saa, watu wapatao 90,000 walikuwa wakifanya kazi hiyo mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi moja. Kijiwe kidogo kilibadili maisha ya watu wengi.

Tupime sasa ipi husema kweli zaidi. Saa ya ufunguo iliyo nzima huweza kukosea nukta 20 kwa siku. Saa ya betri ya kawaida hukosea kama nukta 15 kwa mwezi mzima. Tufanye hesabu: nukta 20 mara siku 30 ni nukta 600, yaani dakika 10. Asiyeirekebisha saa yake mwezi mzima, na basi linaondoka stendi ya Bweri saa 12 kamili alfajiri, atalikuta limekwisha kwenda. Basi halimngoji mtu.

Lakini tusiidharau saa ya ufunguo. Mhudumu wa afya kijijini huhesabu pumzi za mtoto mgonjwa kwa dakika moja kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi kutimia mitano akivuta mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari. Huenda ni kichomi, naye apelekwe hospitali upesi. Je, saa ya ufunguo itamdanganya mhudumu? Hasha. Kosa la nukta 20 kwa siku ni dogo mno katika dakika moja, hata jicho haliwezi kuliona. Kitu kinachotakiwa hapo ni mshale wa nukta unaoonekana vizuri, na saa isiyosimama.

Na katika kusimama, kila moja ina udhaifu wake. Ya ufunguo husimama ukiisahau, lakini dawa yake ni vidole vyako mwenyewe. Ya betri huenda miaka miwili au mitatu bila kuguswa, kisha husimama ghafula, pengine mbali na duka. Baadhi yake hutoa onyo: mshale wa nukta huanza kuruka hatua kadhaa kwa mara moja. Ukiona hivyo, usingoje. Betri iliyokufa isiachwe ndani, maana huweza kuvuja na kuharibu vyombo. Na ninyi wavuvi, fundi akifungua saa, mwambieni autazame ule mpira wa kuzuia maji. Ukikaa vibaya, maji ya ziwa yataingia siku ile ile. Ya ufunguo nayo hutaka kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka michache, na kazi hiyo ina gharama kuliko betri.

Jambo jingine: msiipime saa kwa jua. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya 45 Mashariki, na Musoma iko karibu na 34. Kila digrii moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua la Musoma hufika juu kabisa yapata saa 6 na dakika 45 mchana, na hubadilika hata robo saa kwa majira ya mwaka. Saa yako si mbovu. Ipimeni kwa ishara ya saa ya redio.

Basi jibu letu ni hili. Mwenye safari, zamu, au dawa ya kunywa kwa saa maalum, na fedha zake ni kidogo, anunue ya betri. Aliye mbali na maduka, anayekumbuka kuikaza kila asubuhi, na mwenye fundi wa kumwamini, ya ufunguo itamtumikia, na huenda akamrithisha mwanawe.

Kazi ya kikundi: chukueni saa moja ya kila namna. Zilinganisheni na redio leo, msiziguse mishale kwa siku saba, ila ile ya ufunguo ikazwe kila siku. Kisha andikeni kila moja imekosea nukta ngapi, mkajadili ni nani kati yenu anayefaa saa ipi.