Kilichotupwa Mtoni Hakikupotea

 

Mama akikaanga yai katika kikaango kisichoshika chakula, hufurahi, maana kukiosha ni kazi ndogo. Je, utelezi ule watoka wapi? Watoka katika jamii ya kemikali ziitwazo PFAS. Ndani yake kaboni na florini zimeshikana kwa nguvu sana, hata jua, mvua na vijidudu vya udongoni haviwezi kuziachanisha. Kemikali za jamii hiyo zimetiwa pia katika makoti ya mvua na katika povu la kuzimia moto.

Sasa natuelekee Ulaya, kwenye mto Scheldt. Karibu na mji wa Antwerp, Ubelgiji, kampuni ya 3M ilitengeneza kemikali hizi kwa miaka mingi. Mto huo huteremka hadi Uholanzi na kuingia baharini kwa mlango mpana uitwao Westerschelde. Kemikali zilizoingia mtoni zilifuata maji, na nyingine zikanata kwenye tope zikatulia chini. Ungedhani zimepotea.

La, hazikupotea! Mnyoo hula tope, samaki mdogo hula mnyoo, samaki mkubwa humla mdogo, na mwisho samaki huyo huletwa mezani. Tena, tope likikorogwa, kemikali huinuka upya.

Mwaka 2000 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza PFOS, mojawapo ya kemikali hizo. Mwaka 2009 PFOS iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya yetu pia ni mwanachama. Hata hivyo, mwaka 2022 taasisi ya afya ya umma ya Uholanzi iliwashauri watu wale kwa uchache iwezekanavyo samaki, kamba, kome na chaza waliojivulia wenyewe Westerschelde. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wameonya mwaka 2020 kwamba kemikali hizi zaweza kupunguza nguvu ya chanjo mwilini mwa watoto. Mwaka huo wa 2022 kampuni ilikubali kulipa euro milioni 571 upande wa Ubelgiji.

Fedha zaweza kuhesabiwa zikalipwa. Lakini nani atalifua tope la bahari? Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndugu yangu, kabla hujamwaga kitu mtoni au mtaroni, jiulize: huko chini yanakokwenda maji haya, anaishi nani? Huyo naye ni jirani yako, hata kama hujapata kumwona.