Rika la Mwandishi: Shaaban Robert, Ngũgĩ na Walibora

Siku sita za mwanzo wa Januari zina tarehe za kuzaliwa za waandishi watatu ambao bila wao historia ya fasihi ya Afrika Mashariki haielezeki: Shaaban Robert, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa tarehe 5 Januari 1938 Kamiriithu, Limuru, na Ken Walibora, aliyezaliwa tarehe 6 Januari 1965 magharibi mwa Kenya. Magazeti na redio huzikumbuka tarehe kama hizi kwa kutaja jina na orodha ya vitabu, kisha mambo huishia hapo. Kumbukumbu ya namna hiyo si mbaya, lakini huacha kando swali lenye faida zaidi, yaani mwandishi alikuwa na umri gani matukio makuu ya zama zake yalipomkuta, na umri huo ulimwezesha kuona nini ambacho wakubwa wake na wadogo wake hawakukiona.

Swali hilo si geni Nchiru. Mji huu mdogo wa Tigania Magharibi, ulio kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na pia una makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee linaloamua mashauri ya Wameru kwa kufuata mila. Kwa mila hizo mtu hakutambuliwa kwa tarehe aliyozaliwa bali kwa rika lake, ambalo Wameru huliita nthuki, maana yake kundi la vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupewa jina moja ambalo hulibeba hadi uzeeni, kama vile Michubu, Ratanya, Lubetaa, Miriti au Gichunge. Aliyesikia jina la rika la mzee alijua papo hapo mzee huyo alikuwa kijana wakati gani na alipitia yapi pamoja na wenzake. Tarehe za waandishi nazo hupata uzito zinaposomwa hivyo.

Shaaban Robert alizaliwa chini ya Wajerumani, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji kuzimwa, na alikuwa bado mtoto Waingereza walipoitwaa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza. Rika lake ndilo lililosoma katika shule za mwanzo za serikali hiyo mpya na kujaza nafasi za ukarani, na yeye mwenyewe aliingia katika idara ya forodha mwaka 1926, akiwa na miaka 17. Maisha ya karani yalimpa mahali pa kuitazama serikali kwa karibu bila ya kuwa na sauti ndani yake, na hali hiyo inaonekana wazi katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951 kinachosimulia nchi ya kubuni iliyo angani, ambako kijana Karama anashitakiwa kwa sababu ya kutaka kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe waliotumwa pande sita za dunia na kuambulia kifungo waliporejea na mawazo mema. Ni vigumu kukisoma kitabu hicho bila ya kumwona mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya meza ya ofisi ya wakoloni akipima neno gani litapita na lipi litamponza. Shaaban aliutilia maanani umri wake kuliko waandishi wengi, kwani tawasifu yake, yaani habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, ina sehemu mbili, na ya pili aliiita Baada ya Miaka Hamsini.

Alifariki Juni 1962, nusu mwaka tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Mwezi huohuo waandishi wa Afrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala, katika mkutano uliotengwa kwa wale walioandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ, aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 24 mwenye hadithi fupi chache, alistahili kualikwa. Shaaban, mwenye vitabu vya mashairi, hadithi na insha kwa Kiswahili, hakustahili. Dhuluma hiyo haikumtoka Ngũgĩ moyoni, na alipoandika Decolonising the Mind mwaka 1986 aliitaja waziwazi kama mfano wa jinsi lugha ya mkoloni ilivyofanywa kipimo cha mwandishi, naye alikuwa na haki ya kulaumu, kwa maana yeye ndiye aliyefunguliwa mlango.

Rika la Ngũgĩ lilikutwa na jambo zito zaidi. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952 alikuwa na miaka 14, umri usiotosha kuingia msituni pamoja na kaka yake aliyejiunga na Mau Mau, lakini unaotosha kuona na kukumbuka kila kitu. Mwaka 1955 aliingia shule ya upili ya Alliance, na aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Weep Not, Child, riwaya yake ya mwaka 1964, ni ya mvulana wa umri huohuo, Njoroge, anayeamini kwamba shule itaiokoa jamaa yake huku jamaa hiyo ikisambaratika mbele ya macho yake. Riwaya iliyofuata mwaka 1965, The River Between, inayohusu vijiji vilivyogawanywa na mzozo wa tohara ya wasichana, ina msomaji wa pekee katika Meru, kwa sababu mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku tohara hiyo na wasichana wengi wakaasi kwa kujitahiri wenyewe, tukio lililokumbukwa kwa jina la Ngaitana.

Mwishoni mwa Desemba 1977 Ngũgĩ alikamatwa baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika kwa Kikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, kuigizwa na wanakijiji wa Kamiriithu na kisha kuzuiwa na serikali. Kwa hiyo tarehe 5 Januari 1978, siku aliyotimiza miaka 40, ilimkuta kizuizini, naye alishikiliwa bila ya kufunguliwa mashtaka katika gereza la Kamiti. Huko aliandika riwaya nzima kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, ambazo zilikuwa ngumu na za kukwaruza, zisizofaa kwa kazi ya chooni lakini zilizopokea kalamu vizuri; askari walizinyakua katika msako, kisha zikarudishwa. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, na riwaya ikatoka mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharaba-inĩ, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Shetani Msalabani. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87, akiwa ameishi ughaibuni sehemu kubwa ya utu uzima wake.

Walibora alizaliwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya uhuru wa Kenya, hivyo rika lake halikumjua mkoloni ila kwa masimulizi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani, yeye alikuwa na miaka 20, na kwa hiyo aliwaandikia wadogo zake, kizazi cha kwanza cha Wakenya kilicholazimika kuisoma fasihi ya Kiswahili kutoka bara hadi pwani. Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, inamfuata Msanifu Kombo, aliyepewa jina la Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarab wa Tanga, anayevuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Kwamba mwandishi wa bara aliuanza mwendo huo Tanga, nyumbani kwa Shaaban Robert, mtu aliyeandika pia wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, ni heshima ambayo haiwezi kumpita msomaji makini. Kidagaa Kimemwozea, riwaya nyingine ya Walibora, ilikuwa kitabu teule cha shule za upili za Kenya kwa miaka kadhaa. Alifariki Nairobi tarehe 10 Aprili 2020, akiwa na miaka 55 tu, na Kiswahili kilipoteza mtu aliyekuwa bado katikati ya kazi.

Baina ya Ngũgĩ na Walibora yuko mwandishi aliye karibu zaidi na Nchiru kwa asili, Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, mshairi na mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tamthilia yake ya Natala, ya mwaka 1997, inamhusu mjane anayekataa kurithiwa. Ile ya Kifo Kisimani, ya mwaka 2001, iko katika nchi ya kubuni ya Butangi, ambako mtawala Bokono na watu wake wamevishikilia visima na kijana Mwelusi anateswa kwa kuwadai haki. Mtu wa Tharaka, nchi kame ambako mvua ni chache na maji hutafutwa mbali, hahitaji kuelezwa kwa nini dhuluma iwekwe kisimani. Kitabu hicho nacho kiliteuliwa kusomwa shuleni, na wanafunzi waliokifungua walikuwa wameona kwa macho yao chama kilichotawala Kenya tangu uhuru kikishindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002.